Kituo cha Tano

Nilijiandikisha kwenye mbio zile kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo. Mtu wa miaka sitini na minne hakimbii vichakani na ramani mkononi kwa sababu anapenda jasho. Nilikuwa na kesi ya kushinda, na aliyenishtaki alikuwa binti yangu mwenyewe.

Kesi ilianzia njia panda ya Chiungutwa, mwezi wa tano. Nilikuwa nimetoka msibani, nikashuka kwenye gari ili nitafute usafiri mwingine wa kunirudisha Newala, na mara nikawa sijui niende upande gani. Barabara ile nimeipita tangu nikiwa mwanafunzi. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, na pande zote mbili zilikuwa ngeni kwangu. Nikakaa juu ya gogo. Nikasimama. Nikakaa tena. Karibu saa nzima ilipita hivyo, hadi dereva mmoja wa bodaboda aliyenifahamu akanipakia na kunifikisha mlangoni. Nilimwomba asimwambie mtu. Sijavua hata viatu, simu ya binti yangu ikaita.

Binti yangu ni muuguzi Masasi mjini. Ni mtoto mwenye adabu, lakini akishaamua jambo lake, ameamua. Alisema nitahamia kwake na nyumba yangu ya Newala itapangishwa, kwa sababu hawezi kulala akijua nipo peke yangu na kichwa kimeanza kuniacha. Nilimjibu kwamba lilikuwa jua, ulikuwa uchovu wa msiba, na sikuwa nimekula. Nikamkumbusha kwamba nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na kwamba nusu ya watu wazima wa wilaya hii wamejifunza kusoma ramani kwa fimbo yangu. Mtu kama huyo anapoteaje njia?

"Ndiyo hilo linalonitisha, Mama," akasema.

Tulibishana hivyo miezi minne. Kisha mwalimu mmoja wa michezo, aliyewahi kukaa dawati la mbele darasani kwangu, akaleta Newala mchezo aliojifunza chuoni. Aliuita mbio za ramani. Kila mshiriki anapewa ramani, dira na kadi yenye visanduku vinane, anaachiwa peke yake, na anatakiwa kutafuta vituo vinane kwa mpangilio wake, cha kwanza hadi cha nane. Kwenye kila kituo kuna kitambaa cha rangi ya chungwa na nyeupe, na chini yake kimening'inia kibano chenye meno. Ukifika unaibana kadi yako kwenye kisanduku chake, na tundu zinazobaki ndizo ushahidi. Muda ni saa tatu. Ukichelewa, hata kama kadi imejaa, hesabu imekukataa.

Nilimpigia binti yangu siku ile ile.

"Nikimaliza vituo vyote vinane ndani ya muda, nabaki kwangu na habari ya kuhama isisikike tena."

"Na usipomaliza?"

"Uje unichukue."

Alikubali. Nadhani alikubali kwa kuwa alijua nimeshikilia, na mimi nikishikilia hata mvua ya masika hainitoi.

Jumamosi ya mbio, uwanja wa shule ulijaa. Wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo, miguu mirefu, kaptura fupi. Nilipopita, shikamoo zilinimiminikia pande zote, nami nikaitikia marahaba mpaka koo likakauka kabla sijakimbia hatua moja. Kundi letu la wazee lilikuwa na watu watatu tu: mimi, bwana shamba mmoja mstaafu aliyevaa filimbi shingoni kwa sababu anazozijua yeye, na katekista aliyesema amekuja kwa ajili ya mazoezi, huku akiinyoosha ramani yake juu chini. Niliigeuza ramani ile ikae sawa. Akashukuru sana.

Binti yangu alikuwa ameshafika kutoka Masasi. Alikaa karibu na kamba ya kumalizia, mwavuli mkononi na chupa ya chai miguuni. Alitazama raba zangu. Nilizinunua mtumba, na kisigino cha kulia kilipokatika fundi viatu alinibandikia kipande cha tairi la pikipiki chenye meno makubwa.

"Hizo ndizo za kukimbilia, Mama?"

"Hizi hizi," nikasema.

Mwalimu wa michezo alitupa masharti. La mwisho alilitilia mkazo: huu ni msimu wa korosho, watu wameshafagia chini ya mikorosho yao, kwa hiyo tuzunguke kando ya mashamba na tusikanyage palipofagiliwa. Wenyeji tulicheka. Sisi hatuhitaji kuambiwa. Chini ya mkorosho panafagiliwa pakawa peupe ili korosho iliyoanguka ionekane, na ili mguu wa mgeni nao uonekane. Ukiwa na kiu unaruhusiwa kuchuma bibo moja, hilo tunda laini lililobeba korosho, lakini unaikata korosho na kuiacha shinani kwa mwenyewe. Hayo unafundishwa kabla hujajua kuhesabu.

Saa mbili kamili walianza kutuachia mmoja mmoja. Mimi nilipata saa mbili na dakika sita, lakini niliambiwa mwisho wa wote ni saa tano kamili, hivyo dakika sita zile nilizipoteza kabla ya kuanza. Nilinung'unika, hakuna aliyenisikiliza.

Vituo vitatu vya kwanza vilinipa kiburi. Cha kwanza kilikuwa kwenye shimo la zamani la kuhifadhia maji ya mvua, cha pili nyuma ya kichuguu, cha tatu pembeni mwa njia ya baiskeli. Nilikuwa nafanya kama nilivyowafundisha watoto wa watu: naiweka ramani chini ya dira, naizungusha mpaka kaskazini yake ikubaliane na sindano, naangalia, ndipo naondoka. Sikukimbia sana. Nilienda mwendo wa mtu anayewahi mnada. Vijana walinipita kwa kasi wakaenda kutafuta kwenye kichaka kisichohusika, nikawakuta bado wanazunguka, nikajisikia raha ambayo haifai kwa mtu wa umri wangu.

Kituo cha nne kilinichosha. Kilikuwa ndani ya vichaka vile vizito vya uwandani, ambavyo ukiingia hata jua hulioni sawasawa. Miiba ilinichana mkono. Nilipoibana kadi, saa yangu ilisema saa tatu na nusu. Nilikuwa vizuri. Nikanywa maji yaliyobaki, nikasoma ramani: kituo cha tano kilikuwa upande wa mashariki, mwisho wa shamba kubwa la mikorosho, kwenye ukingo wa korongo dogo.

Nakumbuka nikitoka vichakani. Nakumbuka mwanga ulivyonipiga machoni.

Baada ya hapo nakumbuka nimesimama pembeni mwa shamba la mikorosho, nikitafuta kituo cha tano, na kituo hakipo. Njia zilikuwa tatu, ramani ilionyesha mbili. Nililizunguka shamba kwa heshima zote, mguu ukitembea kwenye majani ya kando, nisiguse palipofagiliwa. Nikafika kona. Nikarudi. Mikorosho imepandwa kwa mistari, na ukitazama mstari mmoja umeitazama yote, kwa hiyo sikuwa na kitu cha kushika. Mdomo ulinikauka na ulimi ukawa mzito, wenye ukakasi. Nikajiambia ni hofu tu.

Kisha nikatazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nilishtuka. Dakika arobaini kutoka kituo cha nne hadi pale, mwendo wa robo saa? Nikadhani saa imeharibika. Niliisikiliza sikioni kama watu wa zamani, na ilikuwa inatembea.

Hapo ndipo Chiungutwa iliponirudia. Ile hali ya kutazama mahali na mahali pakakataa kukujua. Nilitaka kulia, nikajikemea kwa sauti, "We mwanamke, kaskazini iko wapi?" Nikaiweka dira, sindano ikatulia, lakini njia bado zilikuwa tatu na ramani ilionyesha mbili.

Chini ya mkorosho wa karibu, bibi mmoja alikuwa ameinama anaokota korosho na kuzitia kwenye ndoo. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, na ufagio wa vijiti umelazwa pembeni yake. Kwa kumtazama alinizidi miaka kumi na zaidi. Nikasogea mpaka mwisho wa majani, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta kituo cha mbio. Kitambaa cha rangi ya chungwa."

Aliinua uso akanitazama kwa muda mrefu. "Si ulishakiona?"

"Hapana, bibi. Labda umemwona mwingine. Leo watu wengi wanapita."

Aliichukua ndoo yake, akanionyesha kwa mkono nimfuate kando ya mstari, akasimama mbele ya sehemu iliyofagiliwa vizuri. Nyayo zilipita katikati yake, kutoka upande mmoja hadi wa pili, bila aibu yoyote.

"Na hizi ni za nani?"

Nilipandwa na hasira, na namshukuru Mungu kwamba hasira ile iliipisha hofu kando. "Hao ni vijana wa vyuo! Wameambiwa wazunguke, wamejitia viziwi. Nitawasema nikifika. Bibi, mimi nimezaliwa huku huku. Mimi nikanyage chini ya mkorosho wa mtu, msimu huu? Afadhali nikatwe mguu."

Aliniacha niseme mpaka nimalize. Kisha akasema kwa upole, "Weka mguu wako hapa pembeni."

Niliuweka kwa kishindo, kumkomesha. Nilipouinua, kisigino cha tairi kilikuwa kimechora meno yake kwenye udongo. Na kando yake, katika nyayo zile zilizokata shamba, meno yale yale yalikuwa yamechora kila hatua ya mguu wa kulia.

Niliinama nikayagusa meno yale kwa kidole.

"Sijakuita mwizi," akasema bibi. "Njoo uone." Akanipeleka shinani. Hapo palikuwa na korosho moja, imekatwa mbichi, imewekwa juu ya mzizi kwa uangalifu. "Mwizi anaondoka na korosho. Wewe ulikula bibo ukaniachia yangu. Nilikuwa nimekaa pale. Ulinisalimia hivi hivi, ukanipigia goti hivi hivi, ukasema una haraka nikusamehe unakatisha, ukaniombea baraka. Sasa umenirudia kama hujawahi kuniona."

Nikaramba midomo. Ukakasi ule nilioudhania hofu ulikuwa wa bibo. Nikatazama kifua cha blauzi yangu, na maji ya bibo yalikuwa yamenidondokea, yameanza kuwa kahawia. Kisha nikafanya jambo ambalo lingekuwa la kwanza kwa mtu mwenye akili timamu. Nikatoa kadi mfukoni. Kisanduku cha tano kilikuwa na tundu zake, safi, mahali pake hasa.

Nimeogopa mara nyingi maishani. Nimezaa kwa shida, nimemzika mume, nimekaa na mtoto mwenye homa barabarani tukisubiri gari. Lakini siku zote hizo nilikuwa nikiogopa kitu kilicho nje yangu. Pale shambani niliiogopa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa imekwenda, imekuta kituo, imebana kadi, imechuma tunda, imetimiza adabu zote, na mimi sikuwepo.

"Una mtu wa kukurudisha?" akauliza bibi.

"Ninaye. Ananisubiri kwenye kamba. Lakini lazima nifike mwenyewe."

"Vimebaki vingapi?"

"Vitatu."

"Na muda?"

"Robo tatu ya saa. Haifiki."

"Sasa umesimama nini hapa?"

Nikamwomba radhi kwa shamba lake. Akanipungia mkono kama anayefukuza kuku, nikaondoka.

Sijawahi kukimbia hivyo tangu ujana. Sikuamini tena kichwa changu, kwa hiyo nilikikabidhi kazi moja tu. Nilienda nikitamka kwa sauti, "Cha tano tayari, natafuta cha sita," kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichoagizwa. Nilikipata cha sita kwenye kona ya makaburi ya zamani, nikabana, nikahesabu tundu kwa kidole, nikabadilisha wimbo: "Cha sita tayari, natafuta cha saba." Wanafunzi wawili walikutana nami njiani wakasema, "Shikamoo, mwalimu," na mimi, niliyewahi kuwarudisha watoto nje ya darasa kwa kutosalimia, nikapita bila kuitikia. Niliogopa kwamba nikitamka marahaba neno lile lingekisukuma cha saba kikaanguka.

Cha saba kilikuwa chini kidogo ya ukingo wa mlima, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linapofunguka lote mbele ya macho. Sikulitazama. Nilishuka kwa makalio, nikabana, nikapanda kwa mikono na magoti, na kifua kikawa kinauma kwa namna ambayo binti yangu asingeipenda. Saa yangu ilisema saa tano kasoro kumi na nne.

Cha nane kilikuwa karibu na uwanja. Nilikiona kitambaa kwa mbali, na bado nikasimama kuhakikisha kwenye kadi kwamba sijawahi kukifikia. Kisanduku kilikuwa kitupu. Nikashukuru kwa utupu ule, nikabana, nikakimbia. Watu walipoanza kupiga kelele sikuelewa kwanza kwamba ni kwa ajili yangu. Nikavuka kamba.

"Bado dakika nne!" akapiga ukelele mwalimu wa michezo. Akaichukua kadi, akailinganisha na kadi yake ya mfano, kisanduku kwa kisanduku. Vyote vinane vilikuwa sawa. Bwana shamba alikuwa amejitoa kituo cha sita, na katekista alikuwa bado hajulikani alipo, watu wameanza kumwita kwa jina. Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kwa wazee, na nikavishwa medali ya bati yenye utepe wa bluu.

Binti yangu alinijia akilia. Muuguzi yule anayefunga vidonda vya watu bila kukunja uso, alikuwa analia mbele ya wanafunzi. Alinikumbatia na jasho langu lote.

"Nimekubali, Mama. Nilikosea. Nimekusumbua miezi yote hii bure, nimekudhalilisha. Nyumba ni yako, kaa kwako. Nisamehe."

Nilikuwa nimeshinda. Yule bibi wa shambani hakunijua jina, na binti yangu hakumjua yeye. Kadi ilikuwa imejaa, na tundu hazisemi zilipatikana vipi. Ningeitikia tu, "Nimekusamehe," tungekunywa chai, na jioni ningelala kitandani kwangu. Nilitaka hivyo. Nisiseme uongo, nilitaka sana. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema.

Lakini alikuwa ananiomba msamaha, na hakuwa na kosa. Mimi nimekaa mbele ya watoto wa watu miaka thelathini na mmoja nikiwaambia aliyepata jibu sahihi asiombe radhi. Nikamshika mkono, nikamvuta pembeni ya watu, nikamweleza yote: vichaka, mwanga, dakika nisizozijua, nyayo, korosho juu ya mzizi, bibi niliyemsalimia mara mbili. Nilimweleza kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyeyafanya. Alisikiliza bila kunikatiza. Machozi yalimkauka na uso wake ukawa ule wa kazini.

Nilidhani atasema, "Nilikuambia." Nilikuwa nimejiandaa kumjibu hilo.

"Na nyumbani, Mama?" akauliza. "Nyumbani huwa inatokea mara ngapi?"

Nikafikiri kwa makini, kwa sababu alistahili jibu la kweli. Nikatafuta siku moja, asubuhi moja, nikakuta zote ni nzima, hakuna hata moja iliyopungua kitu.

"Nitajuaje?" nikamwambia. "Pale nyumbani niko peke yangu."